Baisikeli za Nyumba Yetu

Mwishoni mwa msimu mmoja wa korosho, mpwa wangu anayeishi Dar es Salaam alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za mashamba na za wagonjwa, aliniambia kuwa anataka kununua baisikeli. Nilicheka. Nikamwuliza kama gari lake ameliuza. Akasema la, ila daktari amemwonya juu ya shinikizo la damu, na tangu hapo amekuwa akiendesha baisikeli ya kuazima pamoja na wenzake kila alfajiri ya Jumamosi. Sasa anataka ya kwake, ile ya barabara ya lami, yenye tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume.

"Mjomba," alisema, "nimeona mbili dukani. Moja fremu yake ni ya alumini, ya pili ni ya kaboni. Hiyo ya kaboni ni nyepesi zaidi, lakini bei yake ni karibu mara mbili. Nichukue ipi?"

Haikuwa ajabu kwamba aliniuliza mimi, mzee wa Ruaruke ambaye sijawahi kupanda baisikeli ya namna hiyo. Fedha alizokusudia kuzitumia zilikuwa za korosho za shamba la marehemu mama yake, yaani dada yangu, shamba ambalo nalitunza mimi. Kwa hiyo alikuwa akiomba mambo mawili kwa pamoja, ushauri na ruhusa. Nikamwambia anipe siku tatu.

Katika siku hizo tatu sikufikiri sana juu ya alumini wala kaboni. Nilifikiri juu ya baisikeli zilizopita katika nyumba yetu, na nikagundua kuwa swali la mpwa wangu lilikuwa limekwisha kuulizwa kwetu mara nyingi, kwa majina mengine.

Baba yangu alinunua baisikeli yake ya kwanza katika miaka ya 1950, kwa fedha ya mpunga na nazi. Wakati ule baisikeli zilizotamaniwa zilitoka Uingereza, nazo zilikuwa na majina ambayo wazee waliyatamka kama majina ya ukoo: Raleigh, Humber, BSA, Phillips, Hercules. Raleigh ilitengenezwa Nottingham tangu miaka ya 1880, na kwa muda mrefu kampuni hiyo ilijivunia kuwa baisikeli yake ni ya chuma tupu. Msomaji wa leo anaweza kushangaa mtu kutamba kwa uzito. Lakini chuma ndicho kilichokuwa ahadi. Bomba za chuma ziliingizwa katika vikombe vya chuma kwenye maungio, kisha zikashikizwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Baisikeli ya namna hiyo ilifikia kilo 20 hivi, nayo ilitarajiwa kurithiwa.

Katika mchanga wetu wa Ruaruke, mtu aliisukuma baisikeli zaidi kuliko alivyoipanda. Watu wa mbali hawajui jambo hili. Barabara zetu zilikuwa njia za mchanga uliolegea wakati wa kiangazi, na matope wakati wa masika. Kwenye mikono ya delta hapakuwa na njia kabisa. Baisikeli ilibebwa begani, ikapakiwa katika mtumbwi, ikashushwa ng'ambo ya pili, ikabebwa tena kupita katika tope la mikoko. Hapo ndipo kijana alipojua kilo 20 ni nini. Nikiwa na umri wa miaka kumi na kitu nilimwuliza baba kwa nini hawatengenezi baisikeli nyepesi. Alinijibu kuwa kitu chepesi hakibebi nazi. Niliridhika kwa miaka mingi na jibu lile.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wengi wa bonde la Rufiji kutoka mashamba ya kando ya mto na kuwapeleka katika vijiji vipya vya sehemu za juu. Sisi pia tuliacha shamba la mtoni. Nakumbuka milango ya nyumba ikiwa imefungwa juu ya keria kwa vipande vya mpira wa tyubu, na kuku wakining'inia kwenye usukani. Bibi yangu alitembea nyuma akiwa ameshika kiti cha baisikeli, kama mtu anayefuata jeneza. Nyumba nzima ilihamishwa kwa safari zisizopungua kumi, nayo baisikeli ya chuma haikulalamika. Siku zile hakuna ambaye angenishawishi kuwa kuna kitu bora kuliko chuma.

Lakini chuma nacho kina adui, na adui huyo tunaishi naye. Ni chumvi. Upepo wa delta hauna mapumziko, na baisikeli iliyovushwa katika maji ya chumvi mara mia haisafishwi ndani ya bomba zake. Nje baba aliipaka mafuta ya nazi, ikang'aa. Ndani ilikuwa ikiliwa. Mwaka 1972, akitoka shambani na mzigo wa nazi, shingo ya foku ilikatika ghafla chini ya usukani. Haikutoa mlio, haikupinda kwanza. Baba aliangukia bega, mtulinga ukavunjika, na haukuungana vizuri. Tangu siku ile hakuweza tena kupanda mnazi wala kutupa wavu. Nilikuwa nimeanza kazi ya ualimu, na mshahara wangu mdogo ukawa ndio mkono wake wa kulia.

Nalitaja jambo hilo kwa sababu wazee wenzangu hupenda kusema kuwa chuma huaga kabla ya kuondoka, yaani hupinda na kulia kabla ya kukatika. Ni kweli mara nyingi. Lakini chuma cha baba yangu hakikuaga.

Nilipotaka baisikeli yangu mwenyewe, nchi ilikuwa imebadilika. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China, na sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa njia ya bidhaa za Kichina zilizouzwa katika maduka yetu. Kwa hiyo Watanzania wengi waliijua reli ile kwa masufuria, vitambaa na zana, hata kama hawajawahi kuiona treni yenyewe. Baisikeli ya Phoenix ya Shanghai nayo ikawa jina la nyumbani. Ilifanana sana na zile za Kiingereza: nyeusi, ndefu, magurudumu ya inchi 28, chuma kile kile. Dar es Salaam nako kukawa na kiwanda chetu wenyewe kilichotoa baisikeli za Swala. Katika vibaraza tulibishana ipi bora, ya Mwingereza, ya Mchina au ya kwetu, kama vijana wa leo wanavyobishana juu ya Simba na Yanga.

Ubishi ule ulikufa wenyewe. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka na maduka yakawa na rafu tupu. Bidhaa ziligawiwa kwa orodha na kwa vibali. Mtu hakuuliza tena baisikeli ipi. Aliuliza kama ipo. Mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, hata tyubu moja ilikuwa kitu cha kuficha uvunguni. Nilijifunza wakati ule kwamba kuchagua ni neema. Anayeumwa kichwa kwa kuchagua kati ya vitu viwili, na amshukuru Mungu kwanza kuwa viko viwili.

Baisikeli niliyokuwa nayo mwaka huo niliinunua kwa mtu wa tatu. Alama ya kiwanda ilikuwa imefutika kwa kupakwa rangi mara nyingi, hata sikujua asili yake. Usiku mmoja wa masika dada yangu alikuja akikimbia. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa na homa kali na amekwisha kushikwa na degedege mara mbili. Gari halikuwapo. Nilimpakia dada yangu kwenye keria, mtoto mgongoni kwake, na shemeji akatangulia na kurunzi yenye betri za kufa.

Tulikuwa tumekwenda zaidi ya nusu ya safari nilipoanza kusikia mlio. Usukani ulikuwa ukilegea kama jino la mtoto. Nikasimama, nikapapasa kwa vidole, nikakuta bomba la chini limepasuka karibu na shingo, robo tatu ya mzunguko wake. Kama ningeendelea hatua mia moja, tungeanguka watatu. Shemeji alikata ufito wa mkandaa kutoka kwenye uzio wa shamba la watu. Tukaulaza juu ya ufa kama fundi wa mifupa anavyofunga gango, tukaukaza kwa mpira wa tyubu mpaka vidole vikauma. Tukaendelea, mimi nikisukuma, dada amekaa, mtoto akikoroma. Tulifika kabla ya adhana ya alfajiri. Mtoto akachomwa sindano, akaishi.

Siku ya pili fundi alichomelea ufa ule kwa shaba kwa bei ambayo mwalimu aliweza kuilipa. Baisikeli ile ilitembea miaka minane mingine.

Mtoto yule ndiye anayeniuliza sasa kama achukue alumini au kaboni.

Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na baada ya makubaliano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa milango ilifunguka zaidi. Phoenix zikarudi kwa wingi, na pamoja nazo Hero na Avon kutoka Ludhiana, India. Baadaye zikaja baisikeli za mtumba kutoka Japani na Ulaya, za kila rangi, na ndani ya mitumba hiyo ndipo nilipokutana na alumini mara ya kwanza. Mwalimu mwenzangu alinunua moja. Aliinyanyua kwa vidole viwili mbele yetu, nasi tukapiga makofi. Haikushika kutu hata ilipolala nje. Nilimkumbuka baba, nikasema moyoni kuwa hii ndiyo iliyomfaa.

Mwaka wa tatu ikapasuka chini ya kiti. Fundi wetu akawasha moto wake, akashika kijiti cha shaba, akasubiri bomba liwe jekundu kama alivyozoea. Alumini haiwi nyekundu. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, wakati shaba ya kuchomelea inahitaji karibu nyuzi 900. Kabla kijiti hakijalainika, fremu ilikuwa imefanya tundu la kupitisha kidole gumba. Fundi alisimama akaitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto. Baisikeli nzuri ikawa mbao za kuku, na mwenzangu akarudi kwenye Phoenix. Usiache mbachao kwa msala upitao, walimwambia. Lakini mimi niliona kuwa lawama si ya alumini wala ya fundi. Kitu kilikuwa kimefika kijijini kabla ya ujuzi wake.

Kisha zikaja pikipiki, na vijana wakaacha baisikeli kwa wazee na watoto wa shule. Mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyoitia hofu Kibiti yetu, pikipiki zilipigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni. Jioni zile kijiji kilinyamaza kama zamani. Niliitoa baisikeli yangu kutoka stoo, nikajaza upepo. Sikuwa na safari. Nilitaka tu kujua kuwa ipo, kwa ajili ya usiku kama ule wa 1983.

Sasa niliseme lile nililojifunza juu ya vyuma hivi, maana kwa siku tatu nilisoma na kuuliza. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma kwa ujazo ule ule, lakini ugumu wake wa kutopinda pia ni kama theluthi moja. Ndiyo sababu bomba za alumini hufanywa nene kwa umbo. Unene huo ndio unaorudisha ugumu uliopotea. Ina tabia nyingine pia. Chuma kikitikiswa chini ya kiwango fulani chaweza kuvumilia karibu bila mwisho. Alumini haina kiwango hicho. Kila mtikiso, hata mdogo, huandikwa katika daftari, na daftari hujaa siku moja. Waundaji hodari huifanya siku hiyo iwe mbali sana, lakini ipo.

Kaboni si chuma kabisa. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizoendelezwa kwa kazi ya maana katika miaka ya 1960 huko Japani na Uingereza, kwanza kwa ajili ya ndege. Nyuzi hizo hulazwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi ngumu. Mwundaji huamua nguvu ielekee wapi, kama msusi wa jamvi anavyoamua ukili upite wapi. Mwaka 1986 Mmarekani Greg LeMond alishinda Tour de France kwa fremu ya kaboni, na leo wakimbiaji wakubwa karibu wote wako juu yake. Wepesi umefikia mahali ambapo tangu mwaka 2000 chama cha mbio za baisikeli duniani kimeweka sheria kuwa baisikeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Baba yangu angecheka: watu wanaamriwa kuongeza uzito!

Tena mambo haya si ya Wazungu peke yao. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuvaa fulana ya kijani mpaka mwisho. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika. Kwa hiyo sikumwona mpwa wangu kuwa anaiga ya watu.

Hofu ya kaboni ni pigo la ubavuni. Ikiangukia jiwe inaweza kupasuka kwa ndani na rangi ya nje ikabaki nzima. Waendeshaji huigonga kwa sarafu na kusikiliza; pale palipokufa sauti, pana ugonjwa. Niliposikia hivyo nilimkumbuka bibi sokoni, akigonga chungu kwa kidole kabla ya kutoa fedha. Na jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba pwani yetu kaboni ina fundi wa karibu kuliko alumini. Wanaotengeneza boti za faiba wanafanya kazi ya ukoo huo huo, kitambaa na gundi, kusugua na kusubiri. Sisemi kila mmoja wao aaminiwe na fremu ya mtu. Nasema mkono unaojua njia hiyo tayari upo.

Siku ya tatu nilimpigia mpwa wangu. Nikamsimulia habari ya foku ya babu yake, na habari ya ufito wa mkandaa, ambayo mama yake hakuwahi kumweleza. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Mjomba," akasema, "mimi ndiye niliyekuwa mgongoni?"

"Ndiwe."

Kisha nikampa ushauri wangu. Nilimwambia kuwa chuma kilimwangusha babu yake na chuma kikamwokoa yeye, kwa hiyo sina mapenzi ya upofu na kitu chochote kinachotoka kiwandani. Tofauti kati ya usiku ule na siku ile ya 1972 haikuwa aina ya chuma. Ufa wangu ulikuwa mahali ambapo kidole kinafika. Kutu ya baba ilikuwa mahali ambapo hakuna aliyetazama. Basi ajiulize mambo matatu. Ataipitisha njia gani? Nani ataitengeneza ikiumia? Na je, atakuwa na subira ya kuifuta na kuikagua kila wiki? Kama jibu la tatu ni hapana, na anunue viatu atembee kwa miguu.

Kuhusu fedha nilimwambia kuwa mama yake alipanda mikorosho ile ili mwanawe aishi, na baisikeli iliyoamriwa na daktari ni sehemu ya kuishi. Lakini hakuipanda ili awashinde wenzake Jumamosi asubuhi. Ruhusa nimeitoa kwa bei ya ile ya kwanza. Ya pili ataiongezea kwa mshahara wake akitaka.

Alinunua ya alumini, yenye foku ya kaboni, ambayo husemekana hupunguza mtetemo wa mikono. Nilimwuliza kama amegundua kuwa mahali alipoweka kaboni ndipo pale pale palipomkatikia babu yake. Akasema amegundua, na kila Ijumaa usiku huigonga kwa sarafu na kusikiliza.

Idi iliyopita alikuja nayo Ruaruke, juu ya gari, maana mchanga wetu haukuumbwa kwa tairi nyembamba vile. Niliinyanyua kwa mkono mmoja, mimi mzee wa miaka zaidi ya sabini. Nikaipeleka mpaka kibarazani nikaiegemeza kando ya ile yangu ya zamani, nyeusi, nzito, yenye mikunjo ya shaba kwenye maungio. Watoto wa jirani walikuja kuzitazama. Mmoja akauliza ipi ni bora. Mpwa wangu akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye, tukaacha mtoto ajaribu kuzinyanyua mwenyewe.